Dokta Gualter, Fahali na Madhabahu ya Warumi

Wewe umewahi kumkuna fahali shingoni saa kumi na moja alfajiri, kwa ufagio, huku umevaa joho la chuo kikuu?

Hujawahi. Basi usimcheke sana Gualter Penedo, maana yeye alifanya hivyo siku nne mfululizo, na kila siku alijiambia kwamba anaokoa ustaarabu wa dunia.

Gualter alikuwa na miaka ishirini na minne, masharubu yaliyokuwa bado yanaomba ruhusa ya kuota, na shahada ya historia kutoka chuo kikuu cha Coimbra. Kwetu huku milimani Barroso, kaskazini mwa Ureno, mtu akimaliza chuo kikuu huitwa Dokta, hata kama hawezi kutibu chunusi. Gualter hakuwahi kumsahihisha mtu kwa hilo. Ukimwita Gualter tupu, aligeuka polepole na kuangaza huku na huku, kama anayemtafuta huyo aliyeitwa.

Alirudi kijijini kwetu Covelo mwezi wa Juni na masanduku mawili. Moja la vitabu. Na la pili la vitabu vilivyokataa kuingia katika la kwanza. Nguo alikuwa amezivaa: suti, na juu yake joho jeusi la wanafunzi, zito kama blanketi la punda, ambalo hakulivua hata jua lilipokuwa likikaanga mijusi ukutani.

Shangazi yake Zulmira, mjane aliyemlea tangu utotoni, alimtazama mlangoni kutoka juu hadi chini.

"Umefiwa na nani?"

"Shangazi, hili ni joho la elimu."

"Basi elimu ivue viatu. Nimepiga deki."

Siku ya tatu akaigundua madhabahu ya Warumi.

Kusema kweli, ilikuwa haijapotea. Ilikuwa pale pale ilipokuwa tangu babu wa babu zetu, katikati ya malisho ya fahali: jiwe la kimo cha kifua, pana chini, limechongwa ukingo juu, na utosini lina kishimo cha mviringo ambamo ndege walikunywa maji ya mvua. Tuliliita Jiwe. Tulinolea miundu kwenye pembe yake. Shangazi Zulmira alianika juu yake soksi za sufi. Na kila asubuhi Galhardo, fahali wa kijiji, alikuja akaegemeza shingo yake hapo, akajikuna juu chini, juu chini, mpaka ubavu mmoja wa jiwe ukawa unang'aa kama kiatu cha padri siku ya Pasaka.

Galhardo hakuwa wa mtu mmoja. Alikuwa wa nyumba zote ishirini na saba. Tulimlisha kwa zamu, tulimkatia nyasi kwa zamu, na tulimjadili kuliko tulivyoijadili serikali. Alikuwa na kazi mbili: kuwapa ng'ombe wetu ndama, na kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Julai, kumtia adabu fahali wa kijiji jirani cha Ferreiros. Barabara yetu ilikuwa mbovu, umeme ulikuja na kuondoka kama mgeni mwenye haya, simu tulizisikia kwa wenzetu. Lakini tulikuwa na Galhardo! Sokoni tulitembea kifua mbele, kana kwamba tulimzaa sisi.

Gualter alikwangua kuvu kwa ukucha, akaona herufi. Herufi za Kilatini! Alikaa pale mpaka jua likamchubua pua, akasoma mstari wa kwanza, nusu ya wa pili, na mstari wa tano akaubuni mwenyewe. Jina la Jupita lilikuwepo, mungu wa radi wa Warumi. Usiku hakulala. Kwa wiki tano zilizofuata aliandika barua saba kwa Profesa Valadim wa Coimbra, bingwa wa mawe ya kale, mtu ambaye Gualter alimwona mara mbili tu maishani, kwa mbali, akipanda ngazi za maktaba.

Jibu lilifika Jumatatu, siku sita kabla ya pambano.

Gualter aliisoma barua amesimama, akaisoma amekaa, kisha akakimbia na joho lake likipepea nyuma kama kunguru anayemfukuza, akaing'ang'ania kamba ya kengele ya kanisa. Ngo! Ngo! Ngo!

Watu wakaja mbio na ndoo.

"Moto uko wapi?" akauliza Mzee Belmiro, mwenyekiti wa baraza, akihema.

"Moto ni wa fikra!" akajibu Gualter.

Mzee Belmiro akaitazama ndoo yake, akamtazama kijana. "Na huo nao unazimwa kwa maji? Maana ninayo hapa."

Tukaenda wote malishoni. Gualter akapanda juu ya ukuta wa mawe, akatuhutubia. Ilikuwa hotuba kali, na kila aliyewahi kusoma kidogo akarudi kwao anajua ilivyo: unapenda watu wako mpaka unawakaripia.

"Ndugu zangu! Kabla ya Ureno kuwa Ureno, kabla ya mfalme wa kwanza, kabla ya kiazi, mtu alisimama hapa akamchomea Jupita sadaka! Hii ni madhabahu! Roma ilikuja hapa Covelo! Na sisi tumeifanyia nini Roma? Tumeianikia soksi! Tumeigeuza ukuta wa kujikunia ng'ombe!"

"Si ng'ombe," akasema Mzee Belmiro. "Ni Galhardo."

"Profesa Valadim atakuja Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi. Nanukuu: 'Kama madhabahu iko kama unavyoieleza, na iko katika hali njema, nitafurahi kukuchukua kuwa msaidizi wangu kuanzia Oktoba.' Hali njema, ndugu zangu! Nataka izungushiwe uzio leo leo. Asiiguse mtu, asiiguse mnyama."

Galhardo mwenyewe alikuwa nyuma ya Gualter, anajikuna, macho ameyafumba kwa raha.

"Pambano ni Jumapili," akasema Mzee Belmiro taratibu. "Huyu mnyama amejikuna hapo kila asubuhi tangu akiwa ndama. Akishindwa?"

"Hawezi kushindwa. Nguvu za fahali ziko kwenye misuli, Mzee, haziko kwenye mwasho."

"Sikukuuliza ziko wapi. Nimekuuliza, akishindwa?"

Sasa, kwetu kuna desturi, na Gualter aliijua toka utotoni: anayetaka kubadili jambo la kijiji huweka kazi yake ya mikono kuwa dhamana. Ukishauri mfereji upite kwako, mfereji ukibomoka, unauchimba wewe. Ndiyo maana mabadiliko kwetu ni machache sana.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuomba wiki ya kufikiri. Lakini alikuwa bado juu ya ukuta, na mtu aliye juu ya ukuta husema makubwa.

"Akishindwa," akanguruma, "nitamhudumia mimi mwenyewe mwaka mzima! Maji, nyasi, samadi, kila kitu! Mimi peke yangu!"

"Na Coimbra?"

"Coimbra itaningoja!"

Shangazi Zulmira akafumba macho. Watu ishirini na saba, mmoja kwa kila nyumba, wakamshika mkono. Imekwisha.

Siku ya pili Gualter alijenga uzio. Alikataa msaada. Alichimba mashimo manne marefu kwa sururu, kwenye pembe nne za madhabahu, akasimika vigingi vya mwaloni vinene kama mapaja yake mawili, akapigilia mbao. Jioni viganja vyake vilikuwa vimeota malengelenge kama mayai ya kware, akayaonyesha kwa kila aliyepita.

Jumatano Galhardo akaja kujikuna. Akaukuta uzio. Akaunusa. Akauzunguka mara tatu kama mtu aliyerudi kwake akakuta kufuli jipya. Kisha akaketi chini na kutoa mlio ambao hatukuwahi kuusikia, mrefu, mwembamba, wa yatima.

Mchana hakula. Jioni hakula.

"Dokta," Mzee Belmiro akaja mlangoni kwa Zulmira, kofia mkononi, "mgonjwa wako hali nyasi."

"Atazoea."

"Kabla ya Jumapili, au baada ya wewe kuanza kuzoa samadi?"

Usiku ule Gualter alipitia sanduku la kwanza na la pili. Wagiriki walikuwa wameandika kuhusu nafsi, kuhusu uhuru, kuhusu nyota. Kuhusu shingo ya fahali inayowasha, kimya kabisa.

Basi Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, akachukua ufagio wa vijiti wa shangazi yake, akajifunika joho kwa sababu ya baridi, akaenda zizini. Aliingia kinyumenyume, ili akimbie vizuri kama itabidi. Akanyoosha ufagio. Akagusa shingo.

Galhardo akatetemeka kuanzia pembe hadi mkia. Halafu akaegemea.

Ewe! Unajua kilo elfu moja zikikuegemea kwa mapenzi zinakuwaje? Gualter alibanwa ukutani kama stempu, anakuna kwa mkono mmoja, anaomba kwa mwingine. Alikuna saa moja unusu. Alipotoka alikuwa ameloa mate begani, na nyuma yake Galhardo alikuwa anatafuna nyasi kama injini.

"Anakula!" tukapiga kelele kijiji kizima. "Dokta amemtibu!"

Kuanzia hapo hapakukalika. Ijumaa Gualter aliwafafanulia wanaume kwenye bomba la maji kwamba kuna kukuna na kukuna. "Ni suala la mbinu. Unaanzia chini ya sikio, unafuata njia ya mshipa. Mkulima wa kawaida anakuna bila nadharia." Jumamosi Zulmira alijaribu kumsaidia, kwa ufagio ule ule, chini ya sikio lile lile. Galhardo alimtazama kama anavyotazamwa mtoza ushuru, akaondoka. Alimtaka mwenye joho. Akaanza kumfuata. Gualter akienda dukani, fahali nyuma. Akiingia ndani kula supu, pua nyeusi pana dirishani, inapuliza pazia.

"Mchumba umepata," Zulmira akamwambia huku akimkatia mkate mweusi. "Mkubwa, lakini mpole. Ila Coimbra sijui atapanda basi gani."

"Shangazi, tazama manyoya yake! Yanang'aa! Hajawahi kuwa na nguvu hivi. Kesho Ferreiros watalia."

Hata Mzee Belmiro alikubali kwamba fahali hajawahi kupendeza vile. Gualter akafungasha masanduku yake yote mawili usiku huo, mapema, ili Oktoba isimchelewe.

Jumapili, baada ya misa, mlima mzima ulihamia uwanjani. Wa Ferreiros walimleta Trovão, fahali mwekundu mwenye paji la uso kama mlango wa ghala. Kanuni ni moja na mtoto anaijua: mafahali hukutanishwa vichwa, na atakayegeuza mgongo ameshindwa. Basi.

Gualter alisimama mbele kabisa, suti, joho, kidevu juu.

"Dokta, rudi nyuma kidogo," Mzee Belmiro akamshika mkono. "Mnyama asije akakuona."

"Historia haisimami nyuma, Mzee."

Mafahali wakaingia. Trovão akachimba ardhi, vumbi likamfunika. Galhardo akainamisha kichwa. Akakoroma. Mungu wangu, alikuwa mzuri! Wakasogeleana, hatua, hatua, pembe zikagusana, kah! Tukasahau kupumua. Galhardo akasukuma, Trovão akarudi hatua mbili, tukapiga yowe.

Upepo ukalipuliza joho.

Lilipepea mara moja tu. Galhardo akalitupia jicho. Akasita. Masikio yakalegea. Kisha, mbele ya vijiji viwili na padri, akamgeuzia Trovão mgongo mzima, akauvuka uwanja kwa mwendo wa bwana harusi, akafika mbele ya Gualter, akanyoosha shingo, akafumba macho.

Trovão mwenyewe alibaki kaduwaa. Mwishowe akaamua kula majani.

"Sasa mkune, kaka," mtu mmoja wa Ferreiros akasema kwa upole. "Usimwache hivyo, amekuja mbali."

Hapo ndipo kicheko kilipoanguka juu yetu kama paa. Gualter alijaribu kuondoka kwa heshima. Fahali akamfuata. Alijaribu kuondoka bila heshima. Fahali akakimbia pia. Waliuzunguka uwanja mara mbili, joho mbele, Galhardo nyuma, na watu wa Ferreiros walikuwa wamelala chali wakipiga ngumi nyasi. Bibi mmoja aliomba wasimame kidogo, mbavu zinamuuma.

Ndivyo tulivyoshindwa. Miaka tisa ya ubingwa iliishia kwenye mate.

Jioni Mzee Belmiro alikuja kwa Zulmira. Hakukasirika, na hilo liliuma zaidi. Alimkabidhi Gualter uma wa samadi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu cheti.

"Zizi unalijua," akasema.

Gualter hakulia. Alihesabu. Mwaka mmoja si maisha. Profesa angekuja kesho saa nne. Saa tatu yeye angeoga, angenyoa, angevaa suti, angeionyesha madhabahu ikiwa salama ndani ya uzio wake, na angesema: Bwana Profesa, niwekee nafasi yangu miezi kumi na miwili tu. Mtu wa elimu angeelewa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa zizini kabla majogoo hawajapatana. Joho lilikuwa limelowekwa kwenye karai. Alivaa ovaroli la marehemu mume wa Zulmira, lililoishia katikati ya miundi, na mabuti yaliyokuwa yakivuta kila moja upande wake. Saa moja na nusu, akiwa na samadi hadi viwikoni na majani makavu nyweleni, alimtoa Galhardo kwenda malishoni. Na hapo akalisikia gari.

Profesa Valadim alikuwa mtu wa kuamka mapema.

Alishuka, mzee mdogo mkakamavu, kofia ya majani, mkoba na kamera shingoni. Watu walikuwa wameshatoka majumbani. Kwetu gari likija, hata mgonjwa huamka. Profesa hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye Jiwe, akavua kofia, akapitisha mkono juu ya mbao na kupapasa ule ubavu unaong'aa.

"Nzuri!" akanong'ona. "Nzuri kabisa! Mungu wangu, nzuri!"

Gualter, hatua kumi nyuma, kamba ya fahali mkononi, akaivuta kola ya ovaroli ikae sawa. Akavuta pumzi. Akafungua kinywa ili ajitambulishe, samadi na yote.

Profesa akatazama chini.

Akapiga magoti kwenye kigingi cha kwanza. Akatia vidole katika udongo uliotupwa kando ya shimo, akatoa kigae chekundu. Akatoa cha pili. Akaenda kwenye kigingi cha pili, cha tatu, cha nne, na kila mahali alitoa kigae, na kila kigae kilizidi kumwivisha uso.

"Nani amechimba hapa?"

Akakitikisa kigae hewani.

"Madhabahu haikai peke yake! Chini yake kulikuwa na sakafu! Kulikuwa na vyungu vya sadaka, kila kimoja mahali pake, tangu Warumi! Mafahali wamekanyaga juu karne zote hizi wasidhuru kitu, halafu anakuja mtu na sururu! Mashimo manne! Ni mjinga gani huyu?"

Nyumba zote ishirini na saba zilikuwa pale. Vidole ishirini na saba vingeweza kunyooshwa. Zulmira akatazama mlima. Padri akasoma kiatu chake. Mzee Belmiro akakohoa.

"Ni Dokta mmoja, Bwana Profesa."

"Penedo? Yule wa barua saba?"

"Huyo huyo."

"Yuko wapi? Nilikuja kumpa kazi! Nimwone uso!"

Mzee Belmiro akamtupia jicho mwenye ovaroli, jicho la haraka, akaliondoa.

"Hayupo tena. Amepata kazi nyingine jana."

"Kazi gani?"

"Ya mambo ya ng'ombe," akasema Zulmira.

"Inamfaa!" akafoka Profesa, akaanza kung'oa mbao kwa mikono yake. Tukamsaidia. Hata Gualter alisaidia. Nani angemtia mashaka? Uzio ukalala chini, Jiwe likabaki peke yake kwenye jua la asubuhi, na Galhardo akalitazama kwa macho ya kuomba ruhusa.

Profesa akafuta jasho, akatayarisha kamera, akarudi nyuma hatua saba.

"Wewe! Ndiyo, wewe mchungaji. Mfunge huyo fahali, njoo usimame hapa kando. Nataka picha ioneshe kimo cha jiwe."

Gualter alimfunga Galhardo ukutani, akaja. Alisimama kando ya madhabahu ya Jupita. Alijitoa jani moja nyweleni. Alinyoosha mgongo, akainua kidevu, akaweka mkono mmoja juu ya jiwe, kama wanavyosimama wakubwa kwenye vitabu.

"Nitazame wapi, Bwana Profesa?"

Profesa alikuwa amefumba jicho moja nyuma ya kamera.

"Tazama unakotaka," akasema. "Kichwa hakiingii kwenye picha."

Akabonyeza.